Kuandika hadithi ya usawa wa lazima: Nairobi ya siku 90

Rasimu nyingi za distopia, yaani hadithi za jamii ya kubuni iliyogeuka jinamizi, huanza na askari. Kuna ukuta, kuna kamera kila kona, kuna rais asiyekufa, na kufikia ukurasa wa pili msomaji ameshachoka, kwa sababu hajaambiwa watu hawa walifikaje hapo. Mwongozo huu ni wa hadithi fupi ya maneno 2,500 hadi 3,000, na ya aina moja tu ya distopia: ile ambamo watu hupokonywa uhuru kwa jina la usawa. Ni ngumu kuliko ya dikteta, maana usawa ni jambo jema. Msomaji anautaka, na mwandishi pia anautaka. Ukisahau hilo utajikuta umeandika hadithi ya kuwatetea matajiri bila kukusudia.

Tutabeba mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Nairobi ambamo hakuna anayeruhusiwa kulala katika nyumba moja zaidi ya siku 90. Mfano huu ni wa kufanyia mazoezi, kwa hiyo uukate na kuushona upendavyo.

Hatua ya 1: Anza na kilio cha kweli

Kabla ya kubuni sheria yoyote, andika ukurasa mmoja kuhusu uchungu ulioizaa. Hapa Nairobi huhitaji kwenda mbali. Mtu anaishi chumba kimoja cha mabati, choo kimoja kwa ploti nzima, maji ya mtungi. Dakika ishirini kwa matatu kutoka hapo kuna nyumba ya vyumba sita ambayo wenyewe wamesafiri, taa za nje zinawaka usiku kucha. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha. Mtu huyu ameisikia haki hiyo redioni, na kodi ya tarehe tano inamngoja pale pale.

Sasa mpe mtu huyu dawa. Nyumba zote za jiji ziwe za wote, na kila familia izunguke kila robo ya mwaka: robo hii Mathare, robo ijayo Runda, kisha Umoja, kisha Kileleshwa. Ukiusoma ukurasa wako na wewe mwenyewe ukashawishika kidogo, endelea. Ukiona kichekesho tu, rudi uuandike upya, kwa sababu kilio bado hakijaingia.

Kuna mfano wa jinsi sheria njema inavyokuja na mkono mzito. Mwaka 2004 matatu zilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni, chini ya kanuni ambazo watu waliziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Watu walikuwa wanakufa barabarani, na kanuni zilijibu hilo. Lakini pia rangi na michoro iliyofanya kila gari liwe na sura yake ilififia kwa miaka mingi kabla ya kurudi. Tazama mambo hayo mawili yalivyokaa katika sheria moja: mkanda unaokuokoa na mstari unaokufananisha. Hadithi yako inahitaji yote mawili. Ukiandika mstari wa manjano peke yake, ukaacha mkanda, umeandika malalamiko.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja cha kusawazishwa, na namna ya kukisawazisha

Kitu kimoja tu. Wanaoanza hutaka kusawazisha nguo, chakula, ndoa, elimu na ndoto katika hadithi moja, na hakuna hata kimoja kinachopata nafasi ya kumwumiza mtu.

Namna za kusawazisha ni tatu: kumpandisha aliye chini, kumshusha aliye juu, au kuwazungusha wote. Ya kwanza si distopia, ndiyo kazi ambayo serikali yoyote inapaswa kufanya. Ya pili ndiyo iliyotumiwa na Kurt Vonnegut katika hadithi yake fupi ya 1961, "Harrison Bergeron", ambamo mwenye nguvu huvalishwa uzito na mwenye akili hupigiwa kelele sikioni kila baada ya sekunde ishirini hivi ili asifikiri kwa muda mrefu. Mmoja wa wahusika amebeba ratili 47 shingoni. Ratili 47 ni kilo 21 na kidogo, yaani mtungi wa lita 20 uliojaa maji pamoja na uzito wa mtungi wenyewe. Msomaji wa Kayole anaijua kilo hiyo kwa vidole: mpini unavyokata nyama ya vidole vinne, bega linavyoshuka upande mmoja, mtu anavyohesabu ngazi. Jifunze hilo kutoka kwa Vonnegut, usichukue mizigo yake. Ukandamizaji unaopimika kwa kilo, kwa sekunde au kwa siku unaaminika kuliko ule unaoelezwa kwa neno "ukatili".

Mfano wetu unatumia namna ya tatu, kuzungusha. Uzuri wake kwa mwandishi ni kwamba hakuna anayenyang'anywa kitu waziwazi, na kila mtu hupata zamu ya bafu la maji moto. Inayopotea ni ile hali ya kuwa na mahali pako.

Hatua ya 3: Iandike sheria, kisha upige hesabu

Sheria yenyewe isizidi maneno arobaini. Kwa mfano: "Mwaka utagawanywa katika robo nne za siku 90. Kila robo itakapoisha, kila kaya itahamia nyumba itakayopangiwa. Hakuna kaya itakayoacha wala kupokea kitu kinachoipa nyumba faida juu ya nyingine."

Baada ya hapo chukua kalamu na karatasi. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo inayotoa hadithi.

Nne mara 90 ni 360. Mwaka una siku 365. Siku tano zimebaki bila nyumba. Ukianza kuhesabu Januari 1, robo ya nne inaisha Desemba 26, na siku tano zisizo na mwenyewe ni kuanzia tarehe 27 hadi 31. Ni wakati ule ule ambapo Nairobi huwa tupu, watu wameenda ushago, yaani kijijini kwao. Waliotunga sheria wala hawakuliona pengo, kwa kuwa wao wana ushago. Je, asiye na ushago? Aliyezaliwa Majengo, na mama yake akazaliwa Majengo, atalala wapi siku hizo tano? Umepata hadithi nzima ndani ya kutoa kwa kawaida, na hukuhitaji kubuni askari hata mmoja.

Endelea. Sensa ya 2019 ilihesabu kaya kama milioni 1.5 Nairobi. Kama zote zinahama siku moja na kila pikapu inabeba kaya tano kwa siku, unahitaji pikapu 300,000. Hazipo. Kwa hiyo lazima sheria ndogo itungwe: mifuko miwili kwa mtu mzima, mmoja kwa mtoto, samani zibaki. Angalia katazo hilo lilikotoka. Halikutoka kwa mtu mwovu, limetoka kwa uhaba wa pikapu, na ndivyo uhuru unavyopungua katika hadithi ya aina hii: kila kipande kinaondolewa kwa sababu ya kiutendaji ambayo huwezi kuipinga mkutanoni bila kuonekana mbinafsi.

Piga hesabu nyingine mbili mwenyewe. Nani atatengeneza bomba linalovuja kama atahama baada ya wiki mbili? Na chama cha akina mama cha kuwekeana pesa kila Jumapili kitaendeleaje ikiwa kila robo majirani ni wapya?

Hatua ya 4: Ipitishe kihalali

Usitumie mapinduzi. Mapinduzi humwondolea kila mtu lawama. Katiba yetu inakupa njia inayouma zaidi. Kifungu cha 39 kinampa raia haki ya kukaa popote nchini, hivyo sheria ya siku 90 ingegongana na Sheria ya Haki, sura ya Katiba inayolinda haki za msingi. Mabadiliko yanayogusa Sheria ya Haki, kwa mujibu wa Kifungu cha 255, lazima yapitie kura ya maoni: angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47, na wengi wa waliopiga kura waunge mkono. Maana yake kwa hadithi ni nzito. Mama mboga alipanga foleni akapiga "Ndiyo". Mhusika wako mkuu naye alipiga "Ndiyo", na alirudi nyumbani akiimba. Hali hiyo usiieleze zaidi ya sentensi mbili. Wino kwenye kidole cha mhusika unatosha.

Kuhusu mwaka: usiende mbali. Vonnegut aliiweka hadithi yake 2081, miaka 120 mbele, kwa kuwa alitaka dunia isiyokumbuka chochote. Wewe unahitaji kumbukumbu. Miaka 30 au 40 mbele inatosha ili shosho (bibi) mmoja awe hai ambaye aliwahi kuwa na mlango wake. Mmoja tu, na asihutubie. Akiulizwa zamani ilikuwaje, aseme alikuwa na mparachichi, basi.

Hatua ya 5: Mpe usukani aliyefaidika

Kosa kubwa kuliko yote ni kumfanya mhusika mkuu awe tajiri aliyepoteza jumba. Atalia, na msomaji wa Dandora atasema shauri yako. Mchague aliyeinuliwa: mama aliyelala mara ya kwanza mahali pasipovuja akiwa na miaka 28, ambaye mtoto wake alioga kwa maji ya bomba akacheka. Mama huyu ana deni la shukrani kwa sheria. Akianza kuumia, anaumia dhidi ya nafsi yake, na hapo ndipo mgogoro ulipo.

Riwaya ya Kiswahili ambayo mwandishi wa aina hii anapaswa kuwa ameisoma ni *Walenisi* ya Katama Mkangi, 1995. Jina lenyewe ni "wale ni sisi", na jamii anayoichora imeukubali usawa kwa moyo, haikulazimishwa. Isome ili uujue upande wa pili wa mizani vizuri kabla hujaanza kuutikisa huu. Atakayebeza usawa bila kuuelewa ataandika mhusika wa karatasi.

Hatua ya 6: Shika kitu kimoja mkononi

Kila utawala wa aina hii una kifaa ambacho mwili hukigusa. Historia yetu inacho: kipande, kitambulisho ambacho serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wenye umri wa miaka 16 na zaidi kukibeba, kikiwa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Sheria za ukoloni zilijaa kurasa, lakini kilichobaki midomoni ni kile kikasha, na hadi leo watu huita kitambulisho kipande.

Katika mfano wetu tumechagua mwimo wa mlango. Aya hii inaonyesha kazi yake:

"Aliupapasa mwimo kwa kidole gumba kabla ya kuwasha taa. Mistari ilikuwepo, mingine ya penseli, mingine ya kalamu ya bluu, mmoja umekwaruzwa kwa msumari. Sita. Mitano ilikuwa ya watoto asiowajua. Wa nne kutoka chini ulikuwa mwandiko wake mwenyewe. Akamwita mtoto, akamsimamisha visigino vikigusa mbao, akamwekea daftari la hesabu kichwani. Robo sita zilikuwa zimepita. Mtoto alikuwa ameupita mstari kwa upana wa kiganja na kidole kimoja."

Hakuna serikali katika aya hiyo, hakuna neno "uhuru", hakuna chozi. Kuna mama anayempima mwanawe katika nyumba isiyo yake, akakuta alishawahi kumpimia hapo hapo. Linganisha na sentensi inayojitokeza katika rasimu ya kwanza ya karibu kila mtu: "Serikali ilikuwa imewanyima watu uhuru wa kuwa na makazi ya kudumu." Zote mbili zinasema jambo lile lile, ila ya pili inamtaka msomaji akubali, ya kwanza inampa kitu cha kugusa.

Hatua ya 7: Isikilize lugha ya watawala

Kiswahili kina vifaa vyake vya kumficha mtenda, na mwandishi asiyevitumia anapoteza nusu ya hadithi. Cha kwanza ni kauli ya kutendwa. Tangazo la ofisi lisiseme "tumeamua". Liseme "imeamuliwa", "wakazi wanaarifiwa", "kaya zitahamishwa". Mtenda hayupo, huwezi kumpigia simu. Cha pili ni kiambishi hu-. Mwanzoni mwa hadithi andika "watu walihamishwa", katikati "watu wanahama", kisha karibu na mwisho mpe mtoto sentensi hii: "Watu huhama." Sheria imekuwa tabia ya dunia, kama vile mvua hunyesha. Msomaji hatajua kwa nini kasisimka.

Tatu, neno "sawa". Nairobi hulitamka kutwa nzima: sawa, sawa tu, iko sawa. Lina maana ya kukubali, na lina maana ya kulingana. Acha afisa aulize "Sawa?" akimaanisha kipimo, na mama ajibu "Sawa" akimaanisha amechoka. Mara moja au mbili, si zaidi, la sivyo litageuka mchezo wa maneno.

Methali nazo zipange. Watawala watabandika "Aliye juu mngoje chini" kwenye vituo vya matatu. Wataipiga marufuku "Vidole havilingani". Na ile ya "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" itakufa yenyewe, kwa sababu katika jiji hili hakuna mwenyeji wa kumpa mtu jembe. Hesabu ya umri nayo itabadilika: mtoto atakuwa "wa robo tisa". Usitafsiri. Msomaji atapiga hesabu mwenyewe, na akishapiga atakuwa ameingia.

Mazungumzo yabaki ya Nairobi. Kijana wa pikapu amwite mama "mathe", mama amwite shosho "shosho", afisa aseme Kiswahili cha barua. Tofauti hiyo ya ndimi peke yake inaonyesha nani ana mamlaka.

Hatua ya 8: Kosa dogo, lenye sababu

Mhusika asichome ofisi. Kosa lake liwe tendo ambalo msomaji analifanya kila wiki bila kufikiri. Rudi kwenye sheria yetu: hakuna kuacha kitu kinachoipa nyumba faida. Sasa mama anahama, bomba la bafuni lina ukaidi wake, na anaandika kikaratasi: "Fungua kwa kushoto, polepole, ukilazimisha litamwaga." Anakibandika chini ya sinki. Ni ujirani. Kwa mujibu wa sheria ni hatia, na mantiki ni safi kabisa: atakayefuata ataijua nyumba hii kabla ya kuingia, na wenzake katika nyumba nyingine hawatajua zao.

Afisa akikigundua, asipige kelele. Mwache aeleze kwa upole, kama mtu anayeamini. Akiwa na hoja nzuri, msomaji ataogopa. Uliza pia swali hili na ulijibu ndani ya hadithi bila kulitangaza: je, afisa naye huhama? Kama hahami, una unafiki wa wakubwa, njia ambayo wasomaji wa Kiswahili waliishaiona katika *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya *Animal Farm* ya George Orwell. Kama anahama, na anaumia, na bado anaandika ripoti, una kitu kipya zaidi. Tunapendekeza la pili.

Hatua ya 9: Gawa maneno, kisha ukate

Kwa hadithi ya maneno 2,800, mgao huu hufanya kazi: 350 kwa siku ya kuingia nyumba mpya, 250 kwa kura na furaha ya mwanzo, 700 kwa maisha ya robo moja pamoja na mwimo wa mlango, 500 kwa kikaratasi, 600 kwa afisa, 400 kwa kuhama. Ukiona kura na historia ya sheria zimevuka maneno 400, umeanza kutoa mhadhara, kata.

Rasimu ya kwanza iandike kwa siku mbili au tatu, iache wiki moja, kisha isome kwa sauti. Kila mahali unapokuta maneno "uhuru", "usawa", "mfumo" au "ukandamizaji" katika masimulizi, piga mstari. Futa yote isipokuwa yale yaliyo kinywani mwa mhusika. Angalia pia vivumishi vya kulaani, kama katili na dhalimu, kwani kila kimoja kinaonyesha mahali ambapo tendo linakosekana.

Kama sehemu ya afisa inalegea, tatizo liko hatua ya 1: hukumpa hoja. Kama mama anaonekana mnyonge mno, tatizo liko hatua ya 5: hukumwonyesha akifurahia bafu. Kama msomaji wako wa kwanza anauliza "lakini kwa nini hawakatai?", rudi kwenye kura.

Kuhusu mwisho, kuna miisho miwili ya kuepuka. Wa kwanza ni jiji zima kuamka na kuandamana hadi Uhuru Park katika aya mbili. Wa pili ni mama kupotea usiku na gari jeusi. Maliza katika nyumba inayofuata. Mifuko miwili sakafuni, mtoto amelala juu ya mmoja. Mama anapiga magoti, anapitisha mkono chini ya sinki, na vidole vinakuta karatasi iliyobandikwa na mtu mwingine. Andika kilichoandikwa humo, maneno yasiyozidi kumi, kuhusu dirisha lisilofunga au jiko linalozima, kisha weka nukta.